Pete Haikuonekana Nusu Maili

Machame,
Desemba 2016

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kwanza nataka kujua nyonga inaendeleaje, na kama daktari wa Karatu amekuruhusu kuacha gongo moja la kutembelea. Dada Rachel ananiambia unakwenda mpaka bandani kwa kuku bila kushikwa na mtu, kisha ukirudi unakataa kukiri kwamba umechoka. Nimemwamini. Msalimie sana shemeji Jackson pamoja na wajukuu. Sisi huku ni wazima. Mvua za vuli zilichelewa lakini zimenyesha, migomba ya upande wa mfereji imesimama, na ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Kahawa tumeshapeleka, ingawa mwaka huu haikuwa ya kujivunia.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu huisikii vizuri, na Rachel akianza kukurudishia maneno kwa sauti, nyumba nzima itayapata kabla yako. Ukivaa miwani unasoma mwenyewe, kwa hiyo nakuomba barua hii uisome peke yako. Habari ya kwanza unayo tayari. Kindness alijifungua salama pale hospitali ya Mawenzi, mtoto wa kiume, na sasa wako nyumbani. Mama yake amehamia kwetu na anamlisha mtori wa ndizi kama mtu anayejaza gunia. Habari ya pili ni ya jina. Nilitaka uipate kwangu kabla ya Krismasi, maana watu watapanda nyumbani kutoka Dar na Arusha, na kila atakayeingia mlangoni atauliza mtoto anaitwa nani.

Mwezi wa tisa, kabla hata hatujajua tutapata mtoto gani, ulituma ujumbe kwamba akiwa wa kiume aitwe Praygod, ili nyumba ya kaka isizimike. Sikukujibu. Leo nakujibu, lakini jibu lenyewe haliwezi kueleweka bila habari ya siku ile jua lilipopatwa, kwa hiyo nivumilie.

Miaka minne imepita tangu Praygod ateremshwe kutoka mlimani akiwa amefunikwa. Wazee wa ukoo walipokaa na kusema nimchukue Kindness, mjane wa kaka, unakumbuka kwamba nililikataa hilo neno kuchukua. Nilikwenda kwao Kwa Sadala na pombe ya mbege, nikaposa upya kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kupita njia ile, na tukafunga ndoa kanisani. Nilidhani utaratibu ukifuatwa mambo yatakaa sawa. Kazi yangu ya gazeti imenizoesha kuamini kwamba jambo likishaandikwa kwa usahihi, limekwisha.

Hili halikwisha. Naishi katika nyumba aliyoijenga yeye, na unajua alivyokuwa mrefu. Misumari ya kutundikia makoti aliipigilia kwa kimo chake, mimi nikawa naifikia kwa kusimama kwa vidole. Nikaing'oa na kuipigilia chini. Matundu yalibaki ukutani, na kila mgeni akiingia huyatazama kwanza matundu, kisha hunitazama mimi. Njiani Kindness anaitwa mke wa Praygod. Mtoto wao Eliezeri ananiita baba mdogo, na ni sahihi, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Waongoza watalii wenzake wakikutana nami hunisimulia jinsi alivyombeba Mzungu mgongoni kutoka kambi ya juu mpaka getini. Nimeisikia habari hiyo kwa watu wengi mno, na kila mara Mzungu anazidi uzito. Nacheka pamoja nao. Mama, nilikuwa na wivu. Nauandika hapa kwa jina lake ili usije ukadhani nilikuwa na huzuni tu.

Kulikuwa na jambo moja lililoniuma kuliko mengine. Zamani Praygod alipata mgeni, Mjerumani, aliyemwambia kwamba mwaka 2016 jua litapatwa Tanzania kwa namna ya pete. Kaka akaja nyumbani akamwambia Kindness kwamba siku hiyo atampandisha mpaka Nusu Maili, ule msitu ulio juu ya mashamba, pale kwenye kilima walipokuwa wakipumzikia wakienda kukata majani ya ng'ombe, na kutoka pale wataiona pete. Tena akaongeza kwamba watakaokuwa kileleni Kibo wataiona kubwa zaidi, kwa kuwa wako karibu na jua. Ndivyo alivyokuwa. Kwake kila jambo lilikuwa la kupanda. Ukiwa na mafua, panda. Ukiwa na deni, panda. Ukitaka kuliona jua vizuri, basi panda tena kidogo.

Kindness aliikumbuka ahadi hiyo mwezi wa nane, redio zilipoanza kutangaza. Aliniomba nimpeleke kwenye kilima hicho. Mimba ilikuwa imeshaonekana, lakini miguu yake unaijua, angeweza kunitangulia. Siku hiyo hiyo mhariri wangu alikuwa ameniambia nijiandae kwenda Rujewa, kule Mbeya, ambako pete ingeonekana kweli. Nilimwambia amtume Tito, kijana wetu wa habari za michezo. Mhariri alishangaa. Sikumweleza sababu, ila wewe nitakueleza.

Sababu ni kwamba nilijua. Nilikuwa nimepewa kuandika makala ya kuwaeleza wasomaji jambo lenyewe, nikasoma na kuuliza mpaka nikalielewa. Mwezi hauizunguki dunia katika duara kamili, njia yake ni kama yai. Kuna siku uko karibu nasi na kuna siku uko mbali. Ukipita mbele ya jua siku uliyo karibu, unalifunika lote na mchana unakuwa giza. Ukipita siku uliyo mbali, unaonekana mdogo, haulitoshi jua, na pembeni pote unabaki mwanga unaozunguka kama pete. Lakini pete hiyo huonwa na wale tu walio kwenye ukanda mwembamba, ambako mwezi unakaa katikati kabisa ya jua. Mwaka huu ukanda ulipita kusini. Sisi wa Kilimanjaro tungeona mwezi ukipita kwa ubavu, na jua likiwa kama mkate uliomegwa. Kupanda mlima hakusaidii chochote. Nilipiga hesabu: mtu anayepanda mpaka kilele cha Kibo ili aukaribie mwezi ni sawa na mtu anayetoka Moshi kwenda Arusha kwa miguu, akapiga hatua moja na nusu nje ya stendi, akasema amekaribia.

Sasa unaona. Kaka ambaye hakuna mtu aliyewahi kunionyesha kosa lake alikuwa amekosea, na kosa lenyewe lilikuwa na tarehe. Ningeweza kumwambia Kindness jioni ile ile, mezani, kwa maneno machache. Sikumwambia. Nilitaka apande kwa miguu yake, akae pale alipoambiwa akae, alitazame jua mpaka mwisho, na pete isije. Nilitaka awe ameiona mwenyewe ikikosekana.

Siku chache kabla, nilipita Kwa Sadala kuwauliza watu wanajiandaaje. Wauza ndizi walinizunguka wakitaka niwafafanulie. Nikaazima sufuria ya Dominika, yule mama mnene anayeuza chakula karibu na kituo, nikachukua mfuniko wa sufuria nyingine ndogo na kuuweka juu. Nikawaambia mwezi ndio mfuniko na jua ndiyo sufuria, na huo mvuke unaotoka pembeni pande zote ndio pete. Walielewa mara moja, tena haraka kuliko mhariri. Mmoja akauliza kama mtu anaweza kuupika ubwabwa wa namna hiyo ukaiva. Dominika alikuwa amejishika kiuno ananitazama. Akasema, "Kumbe mwandishi somo hili umelisomea nyumbani! Mfuniko mdogo juu ya sufuria ya Praygod!" Walicheka mpaka mmoja akaangusha mkungu. Wewe unamjua Dominika, hana ubaya, angemtania hata askofu. Nilicheka, nikamrudishia sufuria, nikaandika majina yao kwa usahihi kwenye daftari langu. Njia nzima ya kurudi sikusikia hata mlio wa pikipiki niliyoiendesha.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, tarehe mosi Septemba. Tulimwacha Eliezeri shuleni, ambako walimu walikuwa wamewaandalia watoto beseni la maji ili walitazame jua humo, jambo ambalo nililipinga na hawakunisikiliza. Tulipita mashamba ya juu, tukavuka mfereji, tukaingia Nusu Maili. Nilibeba kioo cheusi cha fundi wa kuchomelea, kile kizito kabisa, nilichokiazima mjini. Kindness alitembea taratibu na kusimama mara kwa mara. Kila aliposimama alinigeukia, akanitazama kama mtu anayesubiri kupewa kitu, kisha akaendelea. Nilidhani ni pumzi.

Tulifika kilimani mawingu yakiwa yamekwisha kuondoka. Kibo kilikuwa wazi chote. Mwezi ulipoanza kuingia hakuna kilichobadilika, ukitazama bila kioo ungesema ni mchana wa kawaida. Baadaye mwanga ukapungua nguvu, ukawa kama wa jioni lakini vivuli ni vya mchana, na baridi ikashuka kutoka juu ikatufanya tujifunge kanga na koti. Chini ya miti, kila tundu la mwanga kati ya majani lilikuwa limechora hilali ardhini. Zilikuwa nyingi mno, zimejaa kwenye njia, kwenye majani makavu, mgongoni kwa Kindness. Hilo sikulisoma popote. Nalitaja kwa sababu lilikuwa jambo zuri, na mimi nililiona nusunusu tu, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye uso wa mke wangu, yakingoja utakavyokuwa pete ikikosekana.

Jua likamegwa zaidi ya nusu, likabaki ukingo, na mwezi ukaanza kuondoka upande wa pili. Hiyo ndiyo ilikuwa yote. Nilimuuliza kama ameiona pete. Nilijisikia nikiuliza kwa sauti ya mtu anayedai chake.

Kindness alikishusha kioo, akakifuta kwa kanga, akanirudishia. Akasema alijua tangu mwanzo kwamba haitaonekana. Dominika alikuwa amemweleza habari ya sufuria Kindness alipompelekea maziwa, utani ukiwemo, na tena alikuwa amesikia redioni kwamba ni Rujewa. Nikamuuliza basi amepandia nini huku na tumbo. Akajibu kwamba ahadi ya marehemu ilikuwa imebaki inaning'inia, naye alitaka aimalize, na aimalize akiwa na mtu aliye hai. Pia alitaka kuona kama nitamwambia. Alisubiri nyumbani, akasubiri mferejini, akasubiri kila aliposimama njiani. Kisha akasema maneno ambayo nakuandikia kama alivyoyasema, kwa kuwa sina namna ya kuyapunguza: "Yeye alikosea kwa sababu hakujua. Wewe ulijua."

Aliteremka mbele yangu. Hakulia wala hakununa. Kwa wiki nyingi alizungumza nami habari za ng'ombe, kwa adabu zote, na kama umewahi kuishi na mtu anayekupa habari za ng'ombe tu, unajua ni adhabu ya namna gani. Keshoyake gazeti lilitoka na picha ya Tito ukurasa wa mbele, pete nzima kabisa, nyembamba na nyeupe katika mbingu nyeusi. Makala yangu ilikuwa ndani, karibu na matangazo ya minada. Hata hilo niliona wivu. Naona nimejaliwa.

Basi ujumbe wako ulinikuta katika hali hiyo, na nikubali ukweli kwamba ulinichoma. Utaratibu wetu unaujua kuliko mimi, nautaja ili tusipishane tu. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili hupewa la babu mzaa mama. Mtoto wa kaka alipewa jina la baba yetu, Eliezeri, kwa haki. Nikasema moyoni kwamba na mimi mtoto wangu wa kwanza ataitwa Eliezeri, tena kwa haki ile ile. Wawe Eliezeri wawili nyumba moja, watu wakichanganyikiwa shauri yao. Kumwita Praygod ingekuwa kusema kwamba nimemzalia kaka. Kumwita Eliezeri ingekuwa kusema kwamba nyumba yangu inaanzia hapa, na yule wa zamani ni wa zamani. Nilikwisha kuamua. Nilimwambia Kindness akiwa bado Mawenzi, mtoto yuko kifuani. Alisema jina ni la baba kulitoa, akageukia ukuta.

Tulipomleta mtoto nyumbani, Eliezeri alimkagua vidole vyote, akaridhika. Halafu, tukiwa tunakula, akamuuliza mama yake kama mdogo wake naye atakuwa ananiita baba mdogo. Kindness akamwambia hapana, ataniita baba. Akatafuna kidogo, akauliza tena: kwa hiyo ndani ya nyumba hii mmoja ana baba na mwingine ana baba mdogo, na jina letu ni moja? Bibi yake upande wa Kwa Sadala akamwambia ale ndizi zake. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza wakubwa maswali wasiyopenda, niliangalia sahani.

Mama, nilihesabu. Nimekaa na mtoto yule tangu hajui kufunga viatu. Nimempeleka zahanati, nimemfundisha kuendesha baiskeli, nimemchapa na nimemwombea ruhusa. Na kwa muda wote huo kila mtu aliponiuliza, mjini au kanisani, nilijibu kwamba ni mtoto wa kaka. Ni kweli. Lakini niliisema kwa sababu ile ile iliyonifanya ninyamaze njiani kwenda Nusu Maili.

Keshoyake nilikwenda kwa baba mkwe, mzee Ebenezeri. Nilimkuta anakata matawi ya kahawa, nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kuomba jina lake. Akaendelea kukata. Akasema jina lake hupewa mtoto wa pili, kila mtu anajua, na yeye amengoja tangu yule wa kwanza mpaka akadhani tumelitupa. Kisha akasimama, akanitazama kama karani anayetazama cheti chenye mashaka, akauliza, "Huyu si ndiye unayemwita wa kwanza wako? Sasa kama ni wa pili, wa kwanza wako yuko wapi?"

Nilimjibu kwamba yuko shuleni, darasa la kwanza, na hesabu zinamshinda.

Mzee aliweka panga chini, akamwita mtu alete mbege.

Hivyo mtoto anaitwa Ebenezeri. Nimekukatalia jina uliloomba, na najua litakuuma. Praygod hatarudi kwa kuitwa, na mtoto huyu asingeweza hata kukohoa akiwa na jina hilo bila sisi watu wazima kugeuka kutazama mlango. Nyumba ya kaka haijazimika, ina mtoto mkubwa anayekula kuliko sisi wote. Nyumba yangu nayo haikuanza mwezi huu. Ni nyumba moja, na mimi niliikuta ina mtoto.

Sitaki udhani nimekuwa mtu mwema ghafla. Wivu bado ninao. Jana tu waongoza watalii wawili walipita kumpongeza Kindness, wakaanza habari ya Mzungu aliyebebwa, na damu ilinipanda kama kawaida. Najua pia kwamba wewe ulimpenda kuliko ulivyonipenda mimi. Hilo silalamikii, nakuandikia kama taarifa, na sihitaji ulikanushe. Kindness ameanza kunipa habari nyingine zaidi ya ng'ombe, ingawa si nyingi. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya kilimani. Alisema amesikia.

Ombi langu kwako ni moja. Nyonga ikiruhusu kuja Pasaka kwa ubatizo, ukifika usimwite mke wa Praygod mbele ya watu. Mwite Mama Eliezeri. Na mimi, ukiweza, niite Baba Eliezeri, kwa sauti, pale uani, ili mtoto mwenyewe asikie likitoka kwako. Kutoka kwangu ameshalisikia, na akaniuliza kama bibi anajua.

Kindness anakusalimu na anakuomba usiache dawa. Mama yake naye anakusalimu, anasema mtori wake haufikii wako, lakini amesema hivyo kwa kuwa yuko kwetu. Eliezeri anakuletea mchoro wa ndama. Tunakuombea afya na Krismasi yenye amani huko Karatu.

Mwanao,
Filemon